Mbio ndefu kupita marathoni: moyo uko tayari, misuli bado

Jumatatu moja asubuhi, baridi ya Molo ikiwa bado imeshikilia vioo vya madirisha, aliingia kliniki yangu mwalimu mmoja wa shule ya upili, umri wake miaka 41, akitembea kama mtu anayeshuka ngazi asizoziona. Mkononi alikuwa na chupa ndogo aliyoifunika kwa karatasi. Ndani yake mlikuwa na mkojo wake mwenyewe, na rangi yake ilikuwa ya chai ya strungi.

"Daktari, niwie radhi kwa kukuletea kitu kama hiki," akasema, "lakini mama watoto amekataa katakata nisubiri hadi kesho."

Nilimwambia akifika nyumbani amshukuru sana mama watoto, ila hangefika nyumbani siku hiyo wala siku iliyofuata. Alilazwa hospitalini Nakuru alasiri ile ile. Kwa idhini yake nakusimulia yaliyomfikisha huko, kwa sababu naona watu wa makamo katika miji yetu wakizidi kuingia katika michezo hii mirefu, na wengi wao wanafanya kosa lile lile alilofanya mwalimu, tena kwa nia njema kabisa.

Mwalimu alikuwa akijiandaa kwa triathloni ya masafa marefu. Kwa asiyeujua mchezo huu, ni mashindano ya siku moja ambapo mtu huogelea kilomita 3.8, akatoka majini akapanda baiskeli kwa kilomita 180, kisha akashuka na kukimbia marathoni nzima ya kilomita 42.2. Mashindano ya kwanza ya masafa hayo yalifanyika Hawaii mwaka 1978. Walioanza walikuwa 15, waliomaliza 12, na mshindi, Gordon Haller, alitumia muda unaokaribia saa 12. Hebu fikiria kuondoka nyumbani alfajiri na kurudi magharibi ukiwa hujapumzika.

Miezi sita alikuwa ameendesha baiskeli na kuogelea kwa bidii. Mapafu yalikuwa yamefunguka, mapigo ya moyo alipoamka yalikuwa 52 kwa dakika, na kitambi kilikuwa kimemwaga. Ndipo akapata wazo la kujipima: atoke Molo hadi Nakuru kwa miguu, akipitia Elburgon na Njoro, mwendo wa takriban kilomita 50. Mbio zozote zinazozidi marathoni huitwa ultramarathoni, na hiyo ndiyo ingekuwa yake ya kwanza. Kwake yalikuwa mazoezi tu kuelekea kwenye shindano lenyewe.

Goti lilikuwa likimsumbua kidogo, basi alfajiri akameza vidonge viwili vya diklofenaki. Alipofika Njoro akapita duka la dawa, akanunua vingine, akameza kimoja. Akafika Nakuru. Watu wa stendi walimpigia makofi. Jioni akala vizuri, usiku mapaja yakawaka moto, na Jumatatu akaja kwangu na chupa.

Aliniambia jambo moja nililoliandika neno kwa neno kwenye faili yake: "Moyo haukunisumbua hata kidogo, daktari."

Hapo ndipo penye mtego

Moyo hautasumbua. Moyo na mapafu hujirekebisha upesi sana mtu anapoanza mazoezi, na ndani ya majuma machache tu unaona tofauti ukipanda kilima. Misuli huchukua muda mrefu zaidi kuzoea kugongwa. Kano zinazounganisha misuli na mifupa ni polepole zaidi, na mifupa yenyewe hudai miezi mingi. Anayejifunza kukimbia kwa kukimbia tu hulazimika kwenda kwa mwendo wa miguu yake, kwa kuwa miguu humchokesha mapema na kumzuia. Anayejiandaa kwa triathloni, hali ni tofauti. Baiskeli na bwawa humjengea moyo mkubwa bila kuigonga miguu hata mara moja, kwani majini mwili unaelea na juu ya baiskeli umekalia kiti. Siku anapoingia barabarani kwa saa sita huwa kama injini ya lori iliyofungwa juu ya magurudumu ya baiskeli. Injini haitakufa, na kwa sababu haifi, dereva haoni sababu ya kusimama.

Ongeza juu ya hayo mteremko. Molo iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, na Nakuru mita 1,850 hivi. Ijapokuwa vilima vya kupanda vipo njiani, kwa jumla mwalimu alishuka zaidi ya mita 600. Wengi hudhani kushuka ni kupumzika, na kwa moyo ni kweli. Lakini kila hatua ya mteremkoni, misuli ya mbele ya paja hulazimika kufunga breki: inajikaza ili usianguke, na wakati huo huo inavutwa kurefuka. Hakuna kazi inayopasua nyuzi za misuli kama hiyo.

Nyuzi zikipasuka humwaga damuni vitu vilivyokuwa ndani yake, na kimojawapo ni myoglobini, ile rangi nyekundu inayofanya nyama iwe nyekundu. Figo ndizo zenye kazi ya kuichuja. Ikiwa kidogo, zinaimudu. Ikiwa nyingi, na damu imepungua maji kwa jasho, myoglobini huzidhuru figo, na mkojo hugeuka rangi ya strungi au ya kola. Kuna kimeng'enya cha misuli tunachokipima katika damu, ambacho kwa kawaida hakizidi mia mbili au mia tatu. Cha mwalimu kilizidi elfu 40. Baada ya mbio ndefu kimeng'enya hiki hupanda kwa karibu kila mtu, na kupanda tu si ugonjwa. Kilichonitia wasiwasi ni rangi ya mkojo, na kwamba tangu Jumapili usiku alikuwa amekwenda haja ndogo mara mbili tu.

Vidonge vya maumivu

Sasa tuje kwa vidonge, maana hapa ndipo ninapogombana na wakimbiaji wengi, na hata wenzangu wachache. Diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zao hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini. Bahati mbaya, kemikali hizo hizo ndizo zinazosaidia kuweka wazi mishipa inayopeleka damu kwenye figo wakati mwili umebanwa. Mtu aliyeketi nyumbani mwenye figo nzima huenda asipate shida. Lakini mtu anayekimbia kwa saa nyingi tayari damu yake imehamia miguuni na kwenye ngozi, figo zikaachiwa kiasi kidogo. Ukizifungia na hicho kidogo, umeziacha kwenye ukame.

Si maneno yangu tu. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti wa wakimbiaji 89 wa mbio za kilomita 80. Baadhi walipewa ibuprofeni kila baada ya saa nne, wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa, bila yeyote kujua kipi ni kipi. Waliokunywa ibuprofeni, asilimia 52 walionyesha dalili za kudhurika figo. Waliokunywa vidonge vitupu, asilimia 34. Angalia tarakimu hiyo ya pili vizuri. Hata bila dawa, mtu mmoja kati ya watatu figo zake zililalamika. Wengi wa watu kama hao hupona wenyewe baada ya siku chache wala hawajui kwamba walikuwa ukingoni.

Kwa hiyo ushauri wangu hauna masharti: usimeze dawa za jamii hii usiku wa kuamkia mbio, wakati wa mbio, wala baadaye siku hiyo hadi uwe umekunywa, umekula na umekojoa mkojo wa rangi ya kawaida. Ikiwa maumivu hayavumiliki bila kidonge, basi hayo si maumivu ya kukimbia nayo. Parasetamoli haiudhi figo kwa namna hiyo, lakini nayo huficha onyo ambalo goti linajaribu kukupa.

Maji nayo yana kipimo

Tulilelewa tukiambiwa maji hayana ubaya, na kwa muda mrefu wakimbiaji nao wakahimizwa kunywa kabla hawajasikia kiu. Leo tunajua kwamba katika mbio za saa nyingi ushauri huo unaweza kuua. Mwaka 1985 Profesa Tim Noakes wa Afrika Kusini na wenzake walichapisha habari za wanamichezo wanne wa masafa marefu walioanguka, si kwa kukosa maji, bali kwa kunywa mengi mno. Huko kwao ndiko ziliko mbio za Comrades, za takriban kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg, zilizoanzishwa mwaka 1921.

Maji yakizidi, madini ya sodiamu katika damu huzimuliwa, kama mchuzi unaoongezwa maji kila mgeni anapobisha hodi. Kiwango cha kawaida ni kati ya 135 na 145. Kikishuka sana, maji huingia ndani ya seli, na ubongo, ukiwa umefungiwa ndani ya fuvu, hauna pa kuvimbia. Mtu huanza kwa kichwa kuuma, tumbo kujaa, vidole kuvimba hadi pete inabana. Kisha hutapika, huchanganyikiwa, na mwisho hupata kifafa. Madaktari walipowapima wakimbiaji 488 waliomaliza Boston Marathon ya mwaka 2002, asilimia 13 walikuwa na 135 au chini ya hapo, na dalili kubwa ya aliye hatarini ilikuwa kwamba aliongezeka uzito mbioni. Wanaokwenda polepole ndio hunywa zaidi, kwa sababu wana muda wa kusimama kila kituo.

Basi kunywa unaposikia kiu, na unapoacha kusikia kiu, acha kunywa. Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi marefu. Kupungua kilo moja au mbili ni kawaida. Ukiwa umeongezeka, ulikunywa kupita kiasi. Na ukimkuta mkimbiaji amechanganyikiwa mwishoni mwa mbio, usimsukumie chupa ya maji mdomoni kwa huruma. Mfikishe kwa daktari, umweleze alikunywa kiasi gani.

Viazi vya Molo

Niruhusu niseme neno la furaha kidogo. Akiba ya sukari katika misuli na ini hutosha nguvu za kalori 2,000 hivi. Kukimbia hugharimu karibu kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita, hivyo mtu wa kilo 70 anayekwenda kilomita 50 atahitaji kama 3,500. Mafuta ya mwili yatachangia, lakini pengo litabaki, na lazima ule ukienda: gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Madukani utauziwa vipakiti vya sukari nzito kwa bei ya kuku. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwapa waendesha baiskeli viazi vilivyopondwa badala ya vipakiti hivyo, na kasi yao ilikuwa sawa, ingawa wa viazi walilalamika zaidi kuhusu gesi tumboni. Mwenyeji wa Molo hana budi kucheka. Viazi viwili vya wastani vilivyochemshwa na kutiwa chumvi, au ndizi mbili mbivu, vinatosha saa moja. Jaribu chakula chako mazoezini kwanza, kwani tumbo nalo hufundishwa.

Jinsi ya kuunganisha mbio hizi na triathloni

Swali ambalo mwalimu aliniuliza akiwa kitandani ni kama kosa lake lilikuwa kuchanganya michezo miwili. Hapana. Michezo hii inaweza kuishi nyumba moja, mradi isigombee juma moja.

Kwanza, usiende kilomita 50 ikiwa hujawahi kumaliza marathoni ya kawaida. Mbio za Lewa, zilizoanza mwaka 2000 na hukimbiwa mwezi wa Juni katika hifadhi ya wanyama, ni kipimo kizuri kwa mtu wa nyanda za juu, maana kuna jua, vumbi na vilima. Pili, acha nafasi. Mimi hupenda majuma 16 kati ya ultramarathoni na triathloni ndefu, na ultramarathoni itangulie. Chini ya majuma 10 utaanza la pili ukiwa bado unalipa deni la la kwanza.

Katika majuma 10 au 12 ya kuelekea ultramarathoni, kubali baiskeli ipungue. Hili ndilo gumu kwa watu wa triathloni, wanaona kama wanapoteza mali waliyoichuma kwa jasho. Hawapotezi, moyo haujui kama ni baiskeli au miguu. Kimbia mara tatu au nne kwa juma, ogelea mara mbili ili mabega yasisahau, na baiskeli iwe mara moja, Jumamosi, saa tatu hivi. Jumapili kimbia saa mbili hadi mbili na nusu miguu ikiwa na uchovu wa jana. Hapo unajifunza hali ya kilomita ya 35 bila kukimbia kilomita 35. Mazoezi yako marefu kupita yote yasizidi saa nne au tano, na kila juma la nne punguza kazi kwa theluthi. (Kuhusu baiskeli, ndugu yangu, usiipeleke barabara kuu ya Eldoret kati ya Salgaa na Sachangwan. Malori ya pale hayana habari na triathloni.)

Mteremko nao ufundishwe. Kila siku kumi hivi tafuta mteremko wa taratibu, shuka kilomita tatu kwa hatua fupi fupi, safari ijayo nne, kisha tano. Wakazi wa Nakuru wana ukingo wa Menengai, na ni vyema kwenda na mwenzako. Misuli ina kumbukumbu ya ajabu: ikishaumizwa kidogo na mteremko, hujikinga kwa majuma kadhaa. Laiti mwalimu angeshuka hivyo mara nne tu, huenda tusingejuana.

Na utembee. Najua Mkenya akionekana akitembea na namba kifuani huona aibu, hasa katika kaunti hii ambapo Keringet imemlea Faith Kipyegon. Lakini mbio zake za mita 1,500 hazifiki dakika nne. Zako zitachukua saa sita au saba. Katika Comrades, ambako mtu hupewa saa 12, wengi wanaomaliza hutembea vilima. Panda kilima ukitembea tangu kilima cha kwanza, usingoje hadi ushindwe.

Baada ya mbio, majuma mawili bila kukimbia kwa nguvu. Unaweza kuogelea polepole baada ya siku chache michubuko ikishakauka, kisha baiskeli nyepesi. Tegemea mafua: utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 1983 ulionyesha kwamba katika majuma mawili baada ya mbio za Two Oceans za kilomita 56, theluthi moja ya wakimbiaji waliugua koo na mafua, ikiwa ni zaidi ya maradufu ya watu wa nyumba zao wasiokimbia. Kwa baridi ya Molo, vaa sweta mara unapomaliza.

Anayeishi huku juu na kushindana pwani akumbuke kwamba hewa yetu nyembamba ilimpa faida ya damu, lakini haikumfundisha joto. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kulizoea. Kama huwezi kushuka Mombasa mapema, fanya mazoezi mepesi saa nane mchana ukiwa umevaa nguo za ziada, na siku ya mashindano punguza kasi bila ubishi.

Wapo watu ambao ningewaomba waje kliniki kwanza kabla ya kununua viatu. Aliyevuka miaka 40 na hajapimwa presha na sukari. Anayesikia kifua kubana au kizunguzungu akipanda kilima. Aliye na ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana. Aliyerithi selimundu hata kutoka kwa mzazi mmoja tu, kwa kuwa misuli yake huvunjika kwa urahisi zaidi katika kazi nzito. Aliyetoka kuugua malaria majuma machache yaliyopita. Na yeyote mwenye homa siku ya mbio, hata kama amelipa ada, hoteli na nauli, abaki kitandani, kwani homa na mbio pamoja huweza kuushambulia msuli wa moyo.

Ukiona mkojo mweusi au mwekundu baada ya mbio, au usipokojoa kwa saa 12, au mapaja yakavimba na kuwa magumu kama ubao, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Taja kila kidonge ulichomeza, hata kile ulichopewa na rafiki njiani. Usione haya kubeba chupa.

Mwalimu alikaa hospitalini siku tano akipewa maji ya mishipani, na hakuhitaji mashine ya kusafisha damu. Vipimo vya figo vilirejea sawa katika juma la nne. Triathloni ya mwaka huo aliiacha. Juzi alipita kliniki, si kwa ugonjwa, akaniuliza kama anaweza kujaribu tena kilomita 50, safari hii kutoka Nakuru kuja Molo, ili apande badala ya kushuka. Nimemwambia aniletee kwanza daftari lake la mazoezi ya miezi mitatu, tukae tulisome pamoja.